Kabla ya kusema ubongo unaumwa: kutafuta hitilafu ndani ya dawa ya mionzi

Mwongozo huu nimewaandikia mafundi, wafamasia na wanafunzi wa kemia hapa Uganda, na wenzetu wa nchi jirani, wanaotengeneza au kuandaa dawa za mionzi za kupiga picha ubongo pale daktari anapotafuta ugonjwa wa Alzheimer. Malalamiko ninayoletewa ni yale yale kila mwezi: kipimo cha usafi kimeshindwa, mavuno (kiasi cha dawa kinachopatikana) yameporomoka, ubongo hauonekani, fuvu linang'aa kuliko ubongo. Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi nikamalizia na cha nadra, maana nimeshuhudia watu wakifungua mashine nzima kumbe kosa lilikuwa tone moja la maji.

Nalisisitiza hili kwa sababu picha mbovu haibaki kwenye kompyuta. Katika picha ya mtiririko wa damu, Alzheimer hujitokeza kama upungufu pande za ubongo zilizo juu na nyuma ya masikio. Dawa iliyoharibika nayo inaweza kuonyesha ubongo uliofifia. Daktari makini hatatoa jina la ugonjwa kwa picha peke yake, lakini familia ikishasikia neno hilo, jajja (bibi au babu) hatazamwi tena kama jana. Wanawe wanaanza kuzungumza habari za shamba na nani atashika funguo. Kwa hiyo hakikisha kwanza dawa ni nzima, ndipo useme ubongo unaumwa.

Jambo moja la usalama kabla ya yote. Ukiona kimiminika chenye mionzi kimemwagika nje ya kinga ya risasi (ile metali nzito inayozuia mionzi), au kipimo chako cha mkononi kinalia mahali ambapo jana kilikuwa kimya, acha kutafuta hitilafu. Toka, zuia wengine wasiingie, mwite afisa wa usalama wa mionzi wa kituo chako. Kwa Uganda msimamizi ni Baraza la Nishati ya Atomiki, chini ya sheria ya mwaka 2008, na afisa wako ndiye anayejua lini tukio linapaswa kufikishwa huko. Usisafishe kwanza ili uripoti baadaye.

Tujue pia tunashika nini. Kampala tunategemea zaidi teknetiamu-99m, inayokamuliwa kutoka kwenye jenereta ya molibdenamu. (Jenereta hapa si ile ya umeme. Ni nguzo ndogo ndani ya kopo la risasi, inayoshuka Entebbe kwa ndege.) Teknetiamu ina nusu-uhai (muda wa mionzi kupungua nusu) wa saa 6, ina subira. Vifuatiliaji, yaani dawa za mionzi zinazoshika amiloidi na tau, protini zinazorundikana ubongoni kwenye Alzheimer, hubeba florini-18, yenye nusu-uhai wa dakika 110, au kaboni-11, yenye dakika 20 tu, na hizo hutoka kwenye saiklotroni, mashine ya kuzalisha atomu za mionzi. Nairobi zipo. Piga hesabu: tangu dawa itoke maabara Nairobi, ipite ukaguzi, iruke, ishuke Entebbe na kupenya msongamano hadi Kampala, zikipita saa 4 unabaki na karibu 22% ya florini uliyonunua. Kaboni-11 kwa safari hiyo usiifikirie kabisa. Hata saa 2 zingeacha sehemu moja kati ya 64.

Dalili: HMPAO imeshindwa kipimo cha usafi

Hii ndiyo dawa ya mtiririko wa damu ubongoni ambayo wengi wetu tunaiandaa. Angalau 80% ya teknetiamu inapaswa kuwa katika umbo linalopenda mafuta, kwa kuwa ni umbo hilo tu linalopenya ubongoni na kunasa humo. Wewe umepata 68% na mgonjwa ameshapanda ngazi.

Anza na saa. HMPAO isiyotiwa kiimarishi inatakiwa idungwe ndani ya dakika 30 tangu ichanganywe. Soma muda ulioandikwa kwenye lebo, usiulize mtu anakumbuka nini. Mara nyingi dawa ilichanganywa mapema "ili tusicheleweshe", kisha mshipa wa mzee ukagoma, kanula (mrija mwembamba wa mshipani) ikajaribiwa mara tatu, na dakika 50 zimekwisha. Utaratibu sahihi ni kinyume chake: kanula kwanza, mgonjwa atulie, ndipo uchanganye. Kama kituo chako kinatumia kiimarishi, ama methilini buluu ama kobalti kloridi, unapata saa 4 hadi 5, lakini fuata karatasi iliyokuja na kichupa chako, si ya kichupa cha jirani.

Kama saa haina kosa, itazame teknetiamu yenyewe. Ndani ya kichupa cha HMPAO kuna chumvi ya bati isiyozidi mikrogramu 8, na kazi ya bati hilo ni kuipunguza teknetiamu kikemia (kuipa elektroni, si kupunguza kiasi chake) ili ishikane na molekuli. Ni kiasi kidogo mno. Sasa jenereta ikikaa bila kukamuliwa, teknetiamu-99m inaendelea kugeuka kuwa teknetiamu-99, ndugu yake asiye na faida kwa picha lakini anayekula bati vile vile. Saa 24 baada ya kukamua, kati ya atomu zote za teknetiamu kwenye nguzo, takriban 28% tu ndizo zenye kazi. Baada ya saa 72 hubaki kama 8%. Ndiyo maana simu nyingi huja Jumatatu asubuhi, na ndiyo maana jenereta mpya iliyosafiri siku tatu nayo husumbua kwenye mkamuo wake wa kwanza.

Dawa yake ni rahisi. Tumia mkamuo usiozidi saa 2, kutoka jenereta iliyokamuliwa ndani ya saa 24 zilizotangulia. Jumatatu, kamua mara ya kwanza, mkamuo huo utumie kwa kazi nyingine zisizojali, au uache kwenye stoo ya risasi upooze, kisha subiri. Baada ya saa 6 jenereta inakuwa imerudisha karibu nusu ya nguvu yake. Sisi tuliamua mmoja wetu aje Jumapili jioni kukamua, kwa zamu, na tangu hapo kushindwa kwa Jumatatu kumekuwa jambo la kusimuliana.

Cha tatu ni hewa. Oksijeni inalila bati kabla halijaanza kazi. Unapoingiza mililita 5 ndani ya kichupa, vuta gesi ya ujazo ule ule kwa bomba lile lile kabla hujatoa sindano, na usisukume povu la hewa ndani. Spiriti ya kufutia kizibo iache ikauke kabisa kabla hujatoboa.

Cha nne, ambacho watu hawakipendi kwa kuwa kinaelekeza kidole kwao wenyewe, ni kipimo. Chukua kile kikanda cha kromatografia (karatasi ambayo kiyeyusho hupanda nayo kikitenganisha sehemu za dawa) mkononi ukitazame. Mstari wa penseli uwe sentimita moja kutoka chini, na kiyeyusho kwenye chupa kisifikie mstari huo. Kikifikia, tone linayeyukia kwenye chupa badala ya kupanda, na unaanza kusoma namba zisizo na maana. Tone liwe dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kikanda kisiguse ukuta wa chupa, maana kiyeyusho hupanda upande mmoja kikaacha mwingine. Kiyeyusho kilichokaa wazi tangu wiki iliyopita kimwage.

Vikanda viko vitatu na kila kimoja kinasema jambo lake. Cha maji ya chumvi kinaonyesha teknetiamu huru, iliyopanda hadi juu. Ikiwa nyingi, bati limeshindwa, rudi kwenye hewa na mkamuo mkuukuu. Kikanda cha methili ethili ketoni huacha chini lile umbo la pili la HMPAO, lisilopenda mafuta, pamoja na teknetiamu iliyopunguzwa bila kushikana na kitu. Cha tatu, cha asetonitraili nusu kwa nusu na maji, hubakiza chini hiyo teknetiamu iliyopunguzwa peke yake. Toa asilimia ya kikanda hiki kwenye ile ya kikanda cha ketoni upate lile umbo la pili. Likiwa ndilo lililozidi, muda umekula dawa. Kwa hiyo usiseme tu "imeshindwa". Sema imeshindwa kwa kitu gani.

La mwisho, kwa nadra, ni kichupa chenyewe: kimepita tarehe, au kimekaa juu ya kabati karibu na dirisha. Joto lake la kutunzia ni nyuzi 15 hadi 25, na mchana wa Februari chumba kisicho na kipoza hewa hapa Kampala huvuka hapo.

Acha na uite mtaalamu ikiwa kipimo cha molibdenamu kimezidi kBq 0.15 kwa kila MBq 1 ya teknetiamu (kBq na MBq ni vipimo vya kiasi cha mionzi) wakati wa kudunga. Hapo nguzo inavuja. Hakuna ujanja wa kuirekebisha, na mkamuo wake hauingii kwa mtu yeyote, hata kwa uchunguzi mwingine.

Dalili: tezi za mate na tezi ya shingo zinang'aa, ubongo umefifia

Hiyo ni teknetiamu huru, na maelezo yake yako hapo juu. Nimeitenga kwa sababu wengine huigundua kwenye picha tu, baada ya kudunga, kwa kuwa hawakupima kwanza. Kama kipimo kilipita na bado tezi zinang'aa, uliza dawa ilikaa muda gani ndani ya bomba la sindano kabla ya kufika mkononi mwa mgonjwa.

Dalili: mavuno ya florini-18 yameporomoka ghafla

Sehemu hii ni ya wale walioko, au wanaokwenda, kwenye maabara yenye saiklotroni. Nilipokuwa mafunzoni kwenye maabara ya namna hiyo, nje ya nchi, tulipoteza wiki nzima tukibadilisha kemikali moja baada ya nyingine. Aliyetuokoa alikuja na swali moja tu: mionzi imebaki wapi?

Ndilo swali la kuanzia. Baada ya usanisi, ukisubiri kiwango kishuke, pima kila kipande peke yake: chujio la kunasia floridi (florini-18 yenye chaji), chungu cha mmenyuko, safu ya kusafishia, chupa ya taka. Mionzi ikibaki kwenye chujio, floridi haikusukumwa kutoka: mchanganyiko wa Kryptofix (kemikali inayoshika potasiamu ili floridi iwe huru kufanya kazi) na kaboneti ya potasiamu ni mdogo au umekaa sana. Ikiwa kwenye chupa ya maji yaliyopita, haikunaswa tangu mwanzo. Ikibaki kwenye chungu au kutoka kama floridi huru, basi mmenyuko haukufanyika, na hapo mshukiwa wa kwanza ni maji.

Floridi ikizungukwa na maji hulala. Haimshambulii mtu. Ndiyo maana tunaikausha kwa kuipika pamoja na asetonitraili chini ya gesi kavu, mara mbili au tatu. Kagua kama chupa ya asetonitraili ilifunguliwa lini, kama gesi inapita kweli, kama pampu ya ombwe inavuta kama zamani. Mpira mmoja uliopasuka kwenye kifuniko cha chungu unatosha. Sisi hitilafu yetu ilikuwa hiyo: mpira mweusi wenye ufa mwembamba kama unywele, unaoonekana tu ukiupinda kuelekea taa.

Maji yakiondolewa shuku, tazama kitangulizi, ile molekuli inayosubiri kupokea florini. Huharibika kwa unyevu na kwa kufunguliwa mara kwa mara, hivyo kigawe kwenye vichupa vidogo tangu siku kinapofika. Kisha joto. Kipimajoto cha mashine hupima chuma cha nje, si kimiminika cha ndani. Mwishoni kabisa ndipo ufikirie uchafu wa madini kutoka kwenye shabaha ya saiklotroni, na hiyo si kazi yako: mwite mhandisi wa saiklotroni. Usifungue sanduku la risasi ili "kutazama tu" mionzi ikiwa bado ya moto. Ikikushinda kutambua kwa vipimo vya nje, subiri hadi kesho. Kwa florini-18, saa 24 ni nusu-uhai 13, karibu mionzi yote imekwisha.

Na hata mavuno yakirudi, dawa haitoki bila vipimo. Kryptofix ikizidi mikrogramu 50 kwa mililita, au asetonitraili ikipita sehemu 410 kwa milioni, mfamasia mhusika ndiye anayeamua, si fundi aliyechoka.

Dalili: ilikuwa safi ilipotoka, imechafuka ilipofika

Mionzi inavunja molekuli iliyoibeba. Kadiri unavyojaza mionzi mingi kwenye mililita chache ili ivumilie safari, ndivyo inavyojila yenyewe njiani. Kwa sisi tunaoagiza kutoka mbali, hili ni letu hasa. Ongeza ujazo kwanza. Pili, watengenezaji hutia ethanoli kidogo au askobeti ili zimeze zile chembe kali zinazozaliwa ndani ya maji. Muombe mtengenezaji apime usafi tena baada ya muda sawa na safari yako, si dakika ya kutoka tu.

Dalili: dawa ni safi, lakini haiingii ubongoni

Hapa tunatoka kwenye kuandaa tunaingia kwenye kubuni, na hapa wanafunzi wengi hukata tamaa. Ubongo una ukuta wake dhidi ya damu, na ukuta huo haupokei kila mgeni.

Chanzo cha kawaida ni chaji. Thioflavini T, rangi iliyotumika kwa miaka mingi kutia amiloidi mwanga chini ya hadubini, inashika vizuri sana, lakini ina chaji chanya, basi inabaki nje ya ukuta. William Klunk na Chester Mathis, kule Pittsburgh, waliifanyia kazi molekuli hiyo hadi ikawa bila chaji, wakaibandika kaboni-11. Mtu wa kwanza alipigwa picha nayo Uppsala, Sweden, mwaka 2002, na matokeo yakachapishwa 2004. Hiyo ndiyo PiB. Kwa kuwa kaboni-11 haisafiri, wengine wakafuata na florini-18: florbetapiri ilipata kibali Marekani mwaka 2012.

Kama molekuli yako haina chaji, tazama ukubwa wake na inavyopenda mafuta. Ikipenda mafuta kidogo mno haipenyi. Ikipenda mno, inaganda kwenye protini za damu na mafuta ya mwili kabla ya kufika. Kisha kuna pampu ya ukutani iitwayo P-glikoprotini, inayomfukuza mgeni aliyekwisha kuingia. Ijaribu kwa kuwapa panya dawa ya kuizuia pampu hiyo: ubongo ukianza kung'aa, umempata mwizi. Lakini usiitupe molekuli kwa ushahidi wa panya peke yao, kwa sababu pampu yao na yetu hazina nguvu sawa kwa kila molekuli.

Dalili: ubongo wote unang'aa, hata wa kijana mzima

Hii ndiyo dalili ngumu kuliko zote, na inadanganya kwa sababu picha inapendeza. Chanzo cha kwanza ni mafuta tena: sehemu nyeupe ya ubongo ina mafuta mengi na inanasa molekuli yoyote inayoyapenda. Vifuatiliaji vyote vya amiloidi vinavyotumika leo vina tabia hiyo kiasi fulani. Msomaji wa picha hutazama kama mpaka kati ya sehemu nyeupe na ya kijivu umefutika. Subiri zaidi kabla ya kupiga picha uone kama inasafishika. Isiposafishika, punguza upendo wa mafuta kwenye muundo.

Chanzo cha pili ni kushika mlango usio wake. Kifuatiliaji kiitwacho THK5351 kilitarajiwa kuonyesha tau, mpaka uchunguzi uliochapishwa 2017 ulipowapa wagonjwa dozi moja ya selegilini, dawa inayoziba kimeng'enya cha MAO-B. Mwanga ukapungua kwa theluthi hadi nusu. Kumbe sehemu kubwa ya kilichokuwa kinaonekana ni kimeng'enya, si tau. Somo kwa mbunifu ni kufanya jaribio la kuziba mapema, kabla ya kupenda picha zako.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Flotausipiri, kifuatiliaji cha tau kilichopata kibali Marekani mwaka 2020, kinashika pia melanini, na huonekana kwenye pleksasi ya koroidi, kile kishada kinachotengeneza maji ya ubongo. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa 2018 uliona mwanga wa pleksasi ukiwa mkubwa zaidi kwa watu weusi kuliko weupe. Pleksasi iko jirani kabisa na hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu ambayo Alzheimer huishambulia mapema, kwa hiyo mwanga wa jirani humwagikia ndani. Jajja wa Masaka anaweza kusomwa ana tau kumbe ni kivuli cha kishada. Atakayeileta dawa ya namna hii hapa kwetu aanze na wazee wazima wa hapa, awe na picha zao za kulinganishia. Kuazima kipimo cha ugenini hakutoshi, na mimi naona hili si la kungojea tuambiwe na wengine.

Acha kama uko kwenye hatua ya binadamu na hujui mwanga unatoka wapi. Rudi kwa kamati ya maadili na daktari wa tiba ya nyuklia kabla ya kumdunga mtu mwingine.

Dalili: fuvu linang'aa

Floridi ikitengana na molekuli hukimbilia mifupani. Tazama saa tu. Fuvu likiwaka ndani ya dakika za mwanzo, floridi huru ilikuwa tayari ndani ya sindano, kwa hiyo rudi kwenye usafishaji. Likiongezeka polepole saa nzima, mwili ndio unaoing'oa, na suluhisho ni la muundo: hamisha florini iende kwenye pete ya molekuli, au weka diuteriamu (haidrojeni nzito) mahali pa haidrojeni zilizo karibu nayo ili kimeng'enya kishindwe kukata haraka.

Dalili: sehemu ya nyuma ya ubongo imewaka isivyo kawaida, au picha ina ukungu

Kabla ya kugusa kamera, ingia kwenye chumba cha kudungia ukae dakika 10. HMPAO inapiga muhuri wa ubongo ulivyokuwa ukifanya kazi katika dakika chache za kudungwa. Nimewahi kukaa hivyo. Taa nyeupe juu ya uso, redio ya korido inasoma matangazo, mjukuu anamwonyesha bibi video kwenye simu. Sehemu ya kuonea lazima iwake. Zima taa, toa simu, kanula iwekwe dakika 10 hadi 15 kabla, na umwambie mapema, "Jajja, nitakuja kimya kimya, usiniamkie," ili asianze salamu sindano ikiingia.

Ukungu, kwa kawaida, ni kichwa kilichosogea. Tazama picha mbichi zikizunguka kama sinema: kichwa kikiruka, utakiona. Kama hakikusogea na ukungu umekuja na duara ndani ya picha, ni kamera, kitovu cha mzunguko au ulinganifu wake, na hapo usiguse kitu, mwite mhandisi. Lakini ikiwa ni mzee tu aliyechoka shingo, usimdunge upya. HMPAO iliyonasa haihami kwa saa kadhaa. Mpe maji, mwache ajinyooshe, weka mto laini na mkanda wa paji la uso, kisha mrudishe kitandani upige tena.